Nina bima ya kampuni, SHA ya nini?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: bima ya serikali au ya kibinafsi? Hesabu tulizopiga hapa zinafuata viwango ambavyo SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani bima ya afya ya serikali ya Kenya) ilianza navyo ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024. Viwango hivyo hubadilishwa kwa tangazo la serikali, kwa hivyo uliza hospitalini kabla hujalazwa.

Hamjambo wahariri. Mshahara wangu ni 100,000 na kila mwezi nakatwa 2,750 za SHA. Enzi za NHIF nilikatwa 1,700. Kazini tuna bima ya kibinafsi inayokubalika katika hospitali nzuri, na SHA sijawahi kuitumia hata siku moja. Naweza kujitoa? (Mhasibu, Thika)

Huwezi. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inamtaka kila mwenye mshahara akatwe asilimia 2.75 ya mshahara wote, bila kikomo cha juu, na mwajiri haongezi chochote. Ndiyo maana kelele nyingi zinatoka kwa wenye mishahara minene. Anayepata 20,000 alikuwa akikatwa 750 na NHIF. Leo anakatwa 550. Walioongezewa mzigo ni wale wa kuanzia 35,000 hivi kwenda juu.

Hata hivyo hesabu yako ina pengo. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa SHA huondolewa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Wewe shilingi zako za juu zinatozwa kodi ya asilimia 30, kwa hivyo 2,750 hizo zinakupunguzia kodi ya 825. Kinachokutoka hasa ni 1,925. Kama hati yako ya mshahara haionyeshi hivyo, mwone anayetayarisha mishahara. Wewe ni mhasibu, hatakubabaisha.

Sasa tuje kwenye hiyo kadi ya kampuni. Isome ile sehemu ya masharti inayotaja SHA. Mikataba mingi ya bima za kibinafsi Kenya imeandikwa kwamba kampuni italipa kinachobaki baada ya SHA kutoa fungu lake. Chukua mfano wa kulazwa siku 5 katika hospitali ya kiwango cha 4 (kati ya viwango sita vya vituo vya afya nchini), ambako SHA hulipa 3,360 kwa siku. Fungu hilo ni 16,800. Ikiwa mchango wako haujafika, kampuni ya bima inaweza kukataa kuziba pengo hilo, na siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani unaambiwa 16,800 ni zako. Kosa hapa mara nyingi ni la mwajiri: anapaswa kuwasilisha makato kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, lakini wapo wanaokata mshahara na kuchelewesha pesa. Piga *147# mara moja kwa mwezi uone kama uanachama wako uko hai.

Na kuna jambo ambalo wafanyakazi husahau. Kadi ya kampuni ni ya kampuni. Ukifutwa, ukihama au ukistaafu, kwa kawaida inakwisha pamoja na kazi. Ukienda kununua bima yako mwenyewe ukiwa na miaka 58 na shinikizo la damu, utaanza upya kama mgeni, kwa bei ya mzee.

Mimi ni mwendesha boda. SHA walinifanyia tathmini wakasema nilipe 600 kwa mwezi, lakini wanataka ya mwaka mzima mara moja. Ajenti wa bima ananiuzia ya kibinafsi ya 24,000 kwa mwaka, niilipe kidogo kidogo. Mke wangu ana mimba ya miezi mitatu. Nichague gani? (Kisumu)

Kwa hali yako, SHA, na usikawie.

Miezi sita ijayo mke atajifungua. Bima za kibinafsi huweka kipindi cha kusubiri kwa uzazi, mara nyingi miezi 10 hadi 12 tangu siku ya kuanza. Mimba iliyoingia kabla ya kadi hailipiwi. Ajenti hatakudanganya ukimwuliza, ila usipouliza huenda asiseme. SHA hulipa 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji, mradi umelipa na mke yumo kwenye kaya yako. Katika hospitali ya serikali kiasi hicho kwa kawaida kinatosha. Katika hospitali ya kibinafsi bili ya upasuaji inaweza kuzidi 30,000 kwa mbali, na tofauti utaitoa wewe, kwa hivyo ulizeni bei mapema, mkiwa kliniki.

Mwaka mzima kwako ni 7,200. Tunakubaliana na wanaosema kwamba kumtaka mtu anayepata riziki ya siku kwa siku alipe mwaka kwa mkupuo ni sharti lililoandikwa na watu wa mshahara. Sheria yenyewe inaruhusu mikopo ya kulipia mchango huo, na mpango wa Lipa SHA Pole Pole umekuja kwa ajili hiyo. Wengine hutumia chama: wanachama wanachanga, kila mwezi mmoja analipiwa mwaka wake.

Kabla ya kulipa, rudia majibu uliyoyatoa kwenye tathmini. Maswali yanagusa paa, ukuta, sakafu, choo, maji, kuni au gesi, mifugo, na idadi ya watu nyumbani. Watu wengi walijaza haraka, au walijaziwa na mtu aliyekuwa na haraka zaidi. Nyumba ya kupanga ikiandikwa kuwa ni yako, mchango unapanda. Kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi. Ukiona kosa, lirekebishe na uombe tathmini irudiwe.

Kisha mwandikishe mke na watoto wote, majina yakiwa kama yalivyo kwenye vyeti. Mtoto aliyeandikwa "Juma" huku na "Jumaa" kule atakusumbua saa nane za usiku kwenye dawati la hospitali.

Ukipata ziada baadaye, nunua ya kibinafsi juu ya SHA. Muulize ajenti haya, akujibu kwa maandishi: kikomo cha kulazwa ni kiasi gani, na ni cha kila mtu au cha familia nzima? Kuna kikomo kidogo ndani ya kikomo kikubwa kwa saratani, figo na ugonjwa uliokuwepo kabla ya kununua bima? Hospitali zipi za Kisumu zinakubali kadi? Kila nikienda kliniki nalipa kiasi gani mwenyewe? Bima ya 24,000 huwa nafuu kwa sababu jibu la swali mojawapo kati ya hayo si zuri.

Mama yangu ana miaka 67, sukari, na figo zimeanza kuchoka. Kampuni tatu za bima zimemkataa. Nimwongeze kwenye SHA yangu? (Machakos)

Mzazi hahesabiwi kuwa mtegemezi wako. Yeye ni kaya yake: ajiandikishe kwa kitambulisho chake, afanyiwe tathmini, kisha wewe umlipie kwa simu. SHA haiwezi kumkataa kwa umri wala kwa ugonjwa.

Figo zikifika hatua ya kusafishwa damu, kiwango cha SHA ni 10,650 kwa kila kikao. Vikao viwili kwa wiki ni 104 kwa mwaka, yaani shilingi 1,107,600. Tazama namba hiyo na utaelewa kwa nini kampuni zilimkataa: zinapanga bei kwa hatari ya mtu mmoja mmoja, na hatari yake inajulikana tayari. Hata zingemkubali, kikomo cha magonjwa sugu kingekwisha kabla ya Pasaka. Hakikisha tu mchango wake haukatiki. Zahanati na kituo cha afya zitamhudumia kwa kuandikishwa tu, lakini hospitali ya kiwango cha 4 hadi 6 inataka mchango uliolipwa.

Uingereza matibabu ni bure. Kwa nini sisi tusiweke kodi moja tukamaliza? (Mwanafunzi, Eldoret)

Si bure, yanalipwa hasa kwa kodi, tangu 1948. Ujerumani ilichagua michango ya kazini mwaka 1883, na njia ya Kenya, tangu NHIF ya 1966, inafanana zaidi na hiyo. Marekani ni funzo jingine: tangu 2014 kampuni za bima haziruhusiwi kumkataa mgonjwa, lakini ili walio wazima nao waingie, sheria iliweka tozo kwa asiye na bima, tozo iliyoshushwa hadi sifuri mwaka 2019. Tatizo hilo tunalo hapa kwetu. Mwenye mshahara hana pa kujificha, lakini wengi wa jua kali, yaani wasio na ajira rasmi, hulipa siku wanapougua. Hata kodi isingelimaliza kirahisi, kwa sababu kodi ya mapato nayo huwapata kwanza walewale wenye hati za mshahara.