Kabla ya Kulipia Gari, Soma Namba Yake kwa Sauti

Lile gari langu, Toyota Probox, nililikagua kama daktari. Nililala chini yake na tochi ya simu nikitafuta mafuta yanayovuja, nikagonga milango kwa kidole kusikiliza kama limewahi kunyooshwa baada ya ajali, nikahakikisha jina lililo kwenye logibuku ndilo la muuzaji. Kitu kimoja tu sikukikagua, nacho kilikuwa kimenikodolea macho muda wote, herufi nyeusi juu ya kibao cheupe. Mwisho wa namba ulikuwa 418U.

Isome tena polepole. Nne ni A. Moja ni I. Nane ni B. Hiyo U iliyobaki haihitaji mkalimani.

Mimi sikuiona. Nilikaa na gari hilo miezi mitatu hapa Kisumu, nikabeba watu Kondele hadi Mamboleo, na hakuna aliyesema neno. Likaja kusomwa Jumamosi moja ya 2019, siku ambayo wazee wetu walikuwa wakienda kwa wakwe zangu karibu na Chavakali kuzungumzia mahari. Nimevaa koti, gari limeoshwa linang'aa, nyuma wamekaa wazee wawili na baba mdogo. Kabla hatujafungua milango, watoto wa boma walikuwa wamelizunguka. Msichana mmoja, labda wa gredi ya tatu, alichuchumaa mbele ya bampa, akaweka kidole chini ya tarakimu ya kwanza jinsi wanavyofundishwa shuleni, akakisogeza.

"A... i... bu."

Kisha akasimama akalitamka lote kwa furaha ya mtoto aliyegundua kwamba anajua kusoma. Wenzake wakaliitikia. Kwa dakika nzima boma la wakwe zangu liliimba "Aibu! Aibu!" huku mimi nikitafuta mkono wa mlango. Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Mkwe na mama mkwe hawachekiani ovyo, kwa hiyo alijifunika mdomo na leso na kurudi ndani, lakini mabega niliyaona yakitikisika. Mzee wetu mkubwa, ambaye masikio yake yamechoka, akaniuliza, "Wanasema nini hao?"

"Wanahesabu, mzee."

Tangu siku hiyo sijawahi kununua gari wala kumsaidia mtu kununua bila kuisoma namba kwa sauti, na kwa kuwa kazi yangu ni ubroka wa magari, nimezisoma nyingi. Wenye pesa zao nchi nyingine huandikiwa wanachotaka. Kule California unaweza kuchagua hadi herufi na tarakimu 7, na Dubai mwaka 2023 kibao cha P7 kiliuzwa mnadani kwa dirhamu milioni 55. Hapa kwetu namba hutoka kwa mfuatano. Kuna njia ya kuomba kibao maalumu, lakini ada yake si ya mtu anayetia petroli ya mia tano. Sisi wengine bahati yetu iko kwenye yadi ya magari yaliyotumika, ambako namba imeshatoka na unaweza kuchagua.

Ufunguo ni huu: sifuri ni O, moja ni I, tatu ni E, nne ni A, tano ni S, sita ni G, saba ni T, nane ni B. Mbili ukiilazimisha itakuwa Z. Tisa mimi nimeshindwa nayo. Herufi ya mwisho hukamilisha neno. Ndiyo maana 838A ni BEBA, na ukiwa mtu wa kubeba abiria hiyo ni baraka ya bure. 545A ni SASA, gari linalosalimia watu njiani. 708A ni TOBA. 748U ni TABU. TOTO na BIBI usizitafute, kwa sababu herufi I na O hazitumiki mwishoni. Hata zile herufi tatu za mbele zina maneno yake. Magari ya kwanza ya mfululizo huu yalianza na KAA, na yale yaliyobaki leo mengi yametii amri: yamekaa kwenye nyasi nyuma ya nyumba. Aliyekuwa na KCB, ambalo pia ni jina la benki, naye hakuepuka kuulizwa mkopo umebaki kiasi gani.

Sasa, neno zuri halina bei moja kila mahali, na hapa ndipo wauzaji wengi hujidanganya. Mwaka 2022, mwaka wa uchaguzi, mteja wangu mmoja wa Kondele alikuwa akiuza gari la saluni lenye 848A. BABA. Kisumu hilo neno lilikuwa na mwenyewe, nalo lilimaanisha Raila Odinga, aliyekuwa akigombea urais, kabla halijamaanisha mzazi wako. Jamaa akaongeza elfu hamsini juu ya bei ya gari kwa sababu ya kibao. Watu walikuja, kweli. Walipiga picha wakiwa wameegemea boneti, wakainua mikono, wakaondoka na picha zao. Gari likakaa hadi matairi yakaanza kulegea. Mwishowe lilinunuliwa na mtu wa Eldoret kwa bei ya chini kuliko ile ya kwanza ambayo mteja wangu aliikataa, na huyo mnunuzi alisema yeye anaona mia nane arobaini na nane tu.

Kinyume chake nilikiona kwenye pikapu yenye 747A. Wateja wanaozungumza Kiswahili waliisoma TATA wakacheka, maana tata ni mambo yaliyosokotana, na hakuna anayetaka gari la mambo yaliyosokotana. Akaja mzee mmoja kutoka Kisii. Akaisoma, akanyamaza, akapapasa kibao kwa kiganja. Kwao tata ni baba. Hakuuliza hata kilomita. Kwa hiyo ukikaa eneo kama letu, lenye Dholuo mlango huu na Kiluhya mlango ule, isomeshe namba hiyo kwa majirani wa lugha mbili tatu kabla hujatoa pesa. Si sisi tu. Kanada kuna mwanamume aliyetembea miaka na kibao chenye jina la ukoo wake, GRABHER, jina la kawaida kabisa kwa Kijerumani. Mwaka 2016 alinyang'anywa, kwa sababu kwa Kiingereza lilisomeka kama amri ya kumkamata mwanamke.

Usifikiri pia kwamba mzaha wa kibao unaishia kwa wapita njia. Los Angeles mwaka 1979 jamaa mmoja alijaza fomu akaomba maneno mawili ya mambo ya mashua, na pale pa chaguo la tatu akaandika NO PLATE, yaani kama hayo mawili yamechukuliwa basi hataki kitu. Akaletewa kibao kimeandikwa NO PLATE. Kila askari wa mji ule aliyekuta gari bovu lisilo na namba alikuwa akiandika maneno hayohayo kwenye karatasi ya faini, na faini zote zikawa zinamfikia yeye, kwa maelfu.

Neno kwenye kibao linakumbukwa, hilo nalo uliweke akilini kama una siri zako. Mteja wangu mwenye 806A aligonga meza ya nyanya soko la Kibuye akirudi nyuma, akaondoka kama hakusikia. Mama mwenye meza hakushika herufi hata moja ya mbele. Alishika BOGA, kwa kuwa anayauza. Jioni ileile waendesha boda walikuwa wameshamwonyesha nyumba. Alilipa nyanya zote, na hata boga moja lililopasuka ambalo nasikia halikuwepo.

Ukishanunua na neno likawa baya, usiliguse. Mimi nililigusa, acha nikuambie. Kijana wa stika aliniambia kwa shilingi 200 anabandika kipande cheupe pembeni, nane igeuke tatu, na AIBU ife. Nikakubali. Siku ya pili, kabla ya Kiboswa, askari wa trafiki alinisimamisha, akatazama kibao cha mbele, akaenda nyuma akatazama kile cha njano ambacho kijana hakukigusa, akarudi, akapitisha ukucha juu ya tarakimu. Stika ikabanduka.

"Hii nane imeanza kuwa tatu lini?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Kuchezea namba ni kosa la sheria, na gari la namba mbili hushukiwa kwanza kuwa la wizi. Nilishinda kituoni hadi jioni, logibuku ikilinganishwa na namba ya chesisi, nikijibu maswali yaleyale kwa watu tofauti. Na kama unatumaini kwamba vibao vipya vilivyoanza kutolewa 2022 vitakuokoa, utalipa elfu tatu upewe namba ileile, ila inang'aa zaidi.

Ukitaka kujieleza, jieleze kwenye kioo cha nyuma, huko ni kwako. Ila huko nako usiandike jambo ambalo mtu anaweza kuja kulithibitisha. Rafiki yangu wa Nakuru aliandika SINA DENI kwenye tuktuk ya mkopo, na mtu wa kudai alikuwa akiitumia hiyohiyo kumtafuta mjini.

Probox lile ninalo bado. Wanunuzi wawili walilikataa, kisha nikaacha kulitangaza. Mahari yalikwisha salama, na mama mkwe, ambaye haniiti kwa jina kwa sababu ya heshima, humpigia mke wangu simu kila tukikaribia Krismasi kumuuliza Aibu inafika saa ngapi, ili aweke chai.