Kikiharibika, nani atakitengeneza?

Kabati langu la kwanza la kisasa halikumaliza mwaka. Lilikuwa jeupe pe, droo zake zikijifunga zenyewe taratibu, na nililipia kidogo kidogo katika duka moja la mjini. Mvua za mwezi wa nne zikaja, maji yakapita chini ya mlango wetu hapa Kawempe, Kampala, kama kawaida yake, na kulipokucha kabati lilikuwa limevimba miguu. Nikamwita seremala wa mtaani. Akaweka kidole gumba, kikazama. "Dada, hii si mbao," akaniambia. "Ni vumbi na gundi. Nitapigilia msumari wapi?"

Mabaki yakachukuliwa na lori la taka. Siku hizo taka za jiji zilikuwa zikienda Kiteezi, si mbali sana na kwetu. Agosti 2024 jalala lile likaporomoka juu ya nyumba za watu, wakafa zaidi ya 30. Sisemi kabati langu ndilo lililoangusha mlima. Lakini neno "kutupa" lilinibadilikia; kila ninachotupa kinakwenda kukaa karibu na mlango wa mtu.

Kwa hiyo kabla ya kufungua pochi nauliza swali moja: kikiharibika, nani atakitengeneza, na naweza kumfikia kwa miguu? Picha ya jani kwenye boksi, ile ya "rafiki wa mazingira", siiangalii tena.

Jirani alipokuwa akihama aliacha nje kitanda cha zamani cha mvule, mguu mmoja umekatika. Nikampa shilingi 40,000, akadhani namwonea huruma. Kwa mbao zake, seremala yule yule akanitengenezea rafu ya vitabu na vyombo. Nilimwomba mambo mawili tu: asizibe matundu ya misumari ya zamani, na ainyanyue rafu shubiri nzima kutoka sakafuni, maana maji ya Kawempe hayabishi hodi. Juu tukapaka vanishi isiyong'aa. Matundu yale ndiyo wageni wanayoyagusa kwanza, kisha wananiuliza nimeagiza wapi.

Paleti je? Mtandaoni kila mtu anazo. Nilijaribu, nikapata vibanzi mapajani na kunguni chumbani. Ukishikilia, tafuta muhuri uliochomwa ubavuni: HT maana yake mbao ilitibiwa kwa joto, MB maana yake ilifukizwa kwa dawa ya sumu, hiyo usiiingize unakolala.

Sasa lubugo. Kama unaishi Uganda na hujawahi kukaa na kipande cha lubugo mkononi, unajinyima. Ni kitambaa cha gome la mti wa mutuba, rangi ya udongo uliochomwa, na ukikileta puani kinanukia moshi kwa mbali. Mafundi hubandua gome la ndani msimu wa mvua, wakalipiga kwa nyundo za mbao zenye mifereji hadi linapanuka na kulainika. Shina hufungwa kwa majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya linaota, mti haukatwi. UNESCO iliutangaza ufundi huu kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2005, na 2008 ukaingia kwenye orodha yake ya urithi huo. Mimi nilinunua kipande kutoka kwa mama mmoja anayekileta toka upande wa Masaka, nikakitundika ukutani juu ya kitanda, nikajiona mbunifu.

Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea alisimama mlangoni mwa chumba, viatu mkononi, hakuingia. "Mwanangu, nani amekufa humu?"

Mimi ni Mnubi wa Bombo. Uganda nzima ni kwetu lakini mila za Buganda nilizioa ukubwani. Nilijua lubugo huvaliwa kwenye kutawazwa kwa Kabaka, mfalme wa Buganda. Sikufikiria kwamba ndilo pia Baganda wanalozikia watu wao. Kulitundika juu ya kitanda cha mwanawe! Nilimwomba radhi, nikakishusha siku ile ile. Leo kipande hicho ni kifuniko cha taa sebuleni, tena yeye ndiye aliyechagua kona. Fundi wa vyuma wa Katwe alinipindia duara mbili za waya, nami nikashona kwa mkono. Tumia balbu ya LED tu, kwa sababu zile za zamani hutoa joto kali na hili ni gome kavu. Usilifue. Pangusa vumbi kwa brashi laini, basi.

Mapazia nilitoa soko la Owino, pamba nzito ya mitumba, na fundi cherehani akayafupisha. Hapo sina la kuongeza, ila nenda asubuhi.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote hakionekani kwenye picha vizuri. Haboba wangu, yaani bibi, alinisukia kapu kubwa lenye mfuniko, rangi za zambarau na manjano, kama makawa yale ya kufunikia chakula wanayosuka wanawake wa kwetu. Ndani nimelijaza mito iliyoshindiliwa vipande vya vitenge. Fundi cherehani ananipa bure, vinginevyo angevichoma. Maharage naloweka usiku. Asubuhi nayachemsha kwenye sigiri kwa nguvu dakika 20, nafunika sufuria, naitumbukiza kapuni ikiwa bado inatokota, naikandamiza mto juu. Saa saba mchana nafungua na mvuke unanipiga usoni. Yakiwa bado magumu kidogo, narudisha motoni robo saa. Ule mchemko wa mwanzo usiuruke hata ukiwa na haraka: maharage mekundu yana sumu ambayo uvuguvugu hauiondoi. Gunia la makaa lililokuwa likinimalizikia wiki ya tatu sasa linaigusa ya tano, na kwa bei ya makaa ilivyopanda, hiyo ni ada ya mtu.

Mwaka jana ukindu wa mfuniko ulikatika. Nikapanda teksi hadi Bombo. Swali langu la kumfikia fundi kwa miguu nikalivunja mwenyewe, lakini chai ilikuwepo. Haboba aliutazama, akanikabidhi sindano. "Macho yangu hayaoni tena. Kaa hapa, nitakuelekeza." Mshono wangu umepinda, unauona ukisogea.

Sofa bado sina. Wageni wanakaa mkekani na kwenye viti viwili visivyofanana. Seremala ameniambia kuna mtu mtaa wa pili anabomoa nyumba ya zamani, na milango yake ni mvule.