Una hela za korosho na unataka kushindana na pikipiki? Anza na helmeti

Wiki hii kijana mmoja wa Newala ameniandikia: "Shikamoo kaka. Nimeona picha zako umeshika nafasi ya pili. Korosho zimenilipa vizuri, nataka kuchukua cc 250 na mimi niingie. Nichukue ipi?"

Nilimpigia, tukaongea mpaka salio likakata. Nayaandika hapa kwa sababu si yeye peke yake. Kila mnada wa korosho ukilipa, napata jumbe za namna hiyo, na wote wanauliza cc, yaani ukubwa wa injini.

Ile nafasi ya pili niliipata kwa Honda XL 125. Zamani ilikuwa ya bwana shamba, ikauzwa mnadani pamoja na magari chakavu, ikazunguka kwa watu, mimi nikaichukua kwa laki nane ikiwa haina taa wala saitimira. Nafanya bodaboda Mtwara mjini, na siku nilipoileta kijiweni walicheka hadi wakakaa chini. Wakaiita "ya kilimo". Mjomba wangu naye alisema nimepoteza hela ya bati. Maneno hayo yaliniuma, na sijayasahau.

Mashindano tuliyaandaa wenyewe kwenye shamba la mtu nje ya Masasi, kabla mvua hazijaanza. Mchanga mwekundu, kona nyingi, sehemu moja tu iliyonyooka. Kulikuwa na jamaa na 250 mpya, ina plastiki zinang'aa. Kwenye kunyooka alinipita kila mzunguko. Tukifika konani namkuta anahangaika, tairi ya mbele imezama, anapiga miguu chini kuisukuma. Ile pikipiki ni nzito, yeye ndiyo kwanza anaanza, na kwenye mchanga ukifunga mafuta katikati ya kona mbele inajichimbia. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya vikanyagio, magoti yamebana tangi, uzito nimeurudisha nyuma kidogo, macho yapo mwisho wa kona, na mafuta nimeyashikilia. Yule aliyenishinda naye alikuwa na 125. Kwa hiyo mtu akiniuliza cc, jibu langu ni hilo: anza na 125, ujifunze mpaka uone inakuzuia. Itachukua muda mrefu kuliko unavyodhani.

Sasa hela. Usiimalize yote kwenye pikipiki. Nusu nunulia pikipiki, nusu iwe ya kulinda mwili wako na ya matengenezo. XL 125 au Yamaha DT 125 iliyotumika inatosha kabisa, zina shokapu ndefu kuliko Boxer na zimeumbwa kwa njia mbaya. DT inachanganya oili na petroli, na kwa hilo sisi wa kusini tuna bahati: mafundi wanaotengeneza mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho wanazijua injini za namna hiyo kuliko fundi mwingine yeyote.

Na kama unaendesha pikipiki ya mkataba, usiipeleke kwenye mashindano. Pistoni ikigoma Jumapili, Jumatatu tajiri anataka hesabu yake kama kawaida. Nimeona vijana wamenyang'anywa pikipiki wakiwa wamebakiza miezi michache iwe yao.

Helmeti. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie. Chukua hiyo unayovaa sasa hivi, vuta kitambaa cha ndani uangalie. Helmeti ya kweli ina povu gumu jeupe au jeusi, kama la maboksi ya kubebea samaki, limezunguka kichwa chote. Nyingi za bei ya chini ukivuta unakuta sponji laini na plastiki basi. Kazi ya kuokoa ubongo inafanywa na lile povu: kichwa kikigonga, linabonyea na kumeza kishindo. Likishabonyea halirudi. Ndiyo maana helmeti ikishaanguka na mtu haifai tena, hata kama nje haina mkwaruzo, na ndiyo maana helmeti ya mtumba usinunue kwa bei yoyote, hujui imepitia nini. Angalia mkanda wa kidevu: helmeti iliyopita viwango vya usalama vya kimataifa vya ECE ina lebo imeshonwa, herufi E ndani ya duara, chini yake namba inayoanza na 05 au 06. Lebo zinaghushiwa pia, kwa hiyo povu ulione kwa macho yako. Kisha ivae, funga, tikisa kichwa. Ikicheza, rudisha.

Buti za mtumba nunua bila aibu, ngozi ngumu, zipite kifundo cha mguu. Gambuti hapana. Glavu na vikinga magoti ni lazima. Mimi nilishinda njaa ili nipate vikinga magoti, na sijutii.

Tairi za meno makubwa ndizo zitakula hela baada ya hapo. Usisubiri mfadhili. Kuna mfanyabiashara aliniahidi tairi mbili mbele za watu, nikavaa fulana yenye jina la duka lake siku nzima, nikapigwa nayo picha. Tairi mpaka leo sijaziona. Nikipita dukani kwake ananiuliza habari za nyumbani. Nilizinunua mwenyewe, moja moja, na hizo ndizo zilizonipa nafasi ya pili. Kwenye mchanga nashusha upepo mpaka psi 15 hivi. Usishuke zaidi kama huna kibano cha kushikilia tairi kwenye rimu, itateleza na kung'oa valvu ya tyubu. Kumbuka kujaza tena kabla hujarudi lami.

Sproketi ya mbele, ile gia ndogo ya mnyororo, punguza jino moja. Ikiwa ni 14 weka 13, pikipiki itavuta vizuri kutoka konani, utapoteza mwendo wa mwisho ambao shambani huna pa kuutumia.

Kinachoua injini nyingi huku ni vumbi. Ile ea klina ya sponji, chujio la hewa, itoe kila baada ya mazoezi. Ioshe kwa maji ya sabuni, ikamue kwa kuibana na viganja, usiisokote itachanika. Anika kivulini. Ikikauka, mimina oili kidogo, bonyeza bonyeza mpaka rangi iwe moja kote, kisha paka grisi kwenye ukingo wake kabla ya kuirudisha. Kabla hujafunga, ingiza kidole kwenye bomba la kwenda kabureta. Kidole kikitoka chekundu, vumbi linapita, na muda si mrefu utaona moshi wa bluu. Ringi za pistoni hizo zimekwisha.

Mnaosema kusini hakuna viwanja, mnaniudhi kidogo. Ross Branch ametoka Jwaneng, Botswana, kwenye mchanga wa Kalahari, na mwaka 2024 akawa bingwa wa dunia wa mbio ndefu za pikipiki jangwani. Jeffrey Herlings wa Uholanzi ana mataji 5 ya dunia ya motokrosi, na kwenye mchanga ndiko wanakomwogopa zaidi. Sisi tunao wa ufukwe wa Msimbati, tunao juu kote kwenye uwanda wa Makonde. Wengine husafiri kutafuta mchanga wa kufanyia mazoezi, wetu upo nyuma ya nyumba.

Kisicho kiwanja ni barabara ya Mikindani usiku. Rafiki yangu tuliyeanza naye kijiweni tulimzika kwa mashindano ya huko, na aliyemgonga alikuwa anarudi zake nyumbani, hahusiki na mbio za mtu. Anayekuita mkashindane lami si mwanamichezo, na mimi simpi mkono.

Tafuta shamba lisilolimwa, ongea na mwenyewe, kisha nenda kwa mwenyekiti wa kijiji ili watu wajue siku na saa. Mikorosho iacheni, hasa kuanzia mwezi wa sita ikianza kutoa maua na watu wakiwa kwenye salfa. Siku ya mazoezi liwepo gari lenye mafuta na dereva asiyeshindana, na ajue anakimbilia hospitali ipi, Ligula au Ndanda. Aliyeumia shingo au mgongo msimpakize kwenye bodaboda.

Sisi tumepata eneo jingine, karibu zaidi na mjini, mwenyewe ametukubalia mpaka msimu wa kulima. Kona tunazichimba kwa majembe ya kuazima, Jumamosi asubuhi. Atakayekuja aje na jembe, pikipiki aiache nyumbani siku hiyo.