Jibu: Waipa ya nyuma inaacha utando katikati ya kioo

Ndugu, umesema umebadilisha mpira wa waipa ya nyuma ya gari mara mbili na bado unabaki mstari wa maji katikati ya kioo. Acha kununua mipira, pesa yako inapotea bure. Angalia mkono wenyewe unaoshika mpira huo.

Unyanyue kidogo kutoka kwenye kioo, kisha uurudishe taratibu. Mkono ukiwa mzima, utahisi springi ikiuvuta kwa nguvu. Ukirudi kivivu au ukigoma njiani, kiungo kimeshika kutu, kwa hiyo mpira unapita juu ya maji bila kukandamiza. Wangu ulikuwa hivyo hivyo: nilipoukunja, unga mwekundu wa kutu ulimwagika kwenye bampa. Nilipulizia dawa ya kulegeza kutu, nikauacha nusu saa, nikaukunja na kuukunjua mpaka ukalainika, halafu nikaweka grisi kidogo. Kama springi yenyewe imelegea, tafuta mkono mwingine.

Tafadhali, weka taulo nene juu ya kioo kabla ya kuanza. Mkono ukikuponyoka unaweza kupasua kioo cha nyuma, na kile kikipasuka kinamwagika chote vipande vipande.

Ukitaka kuung'oa mkono, bandika selotepu kwenye kioo kuonyesha mahali mpira unapolala, ili uurudishe palepale.

Kioo nacho kioshe kwa sabuni ya vyombo. Nyuma ya gari hewa huzunguka na kurudisha vumbi na moshi wa ekzosi, utando wa mafuta hujijenga.