Mpangaji wangu ni shoga: je, nimwitie polisi?

SWALI: Wakili, mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilisema chama cha mashoga kisajiliwe. Mpangaji wangu, ambaye hafichi hali yake, anadai sheria ya zamani imekufa. Jirani anasisitiza nimripoti polisi nisije nikashtakiwa pamoja naye. Yupi mkweli? – Mwenye nyumba, Mombasa

JIBU: Hakuna. Kesi hiyo ilihusu usajili tu. Bodi ya kuratibu mashirika yasiyo ya kiserikali ilikataa majina ya chama aliyopeleka Eric Gitari, mwanaharakati wa haki za mashoga. Akaishinda bodi hiyo katika Mahakama Kuu mwaka 2015, akaishinda tena katika rufaa mwaka 2019, na tarehe 24 Februari 2023 majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu wakashikilia kuwa Ibara ya 36 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kujumuika. Hukumu ikakomea hapo, ingawa kelele za mitaani na misikitini zilikwenda mbali zaidi.

Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kingalipo: kujamiiana kinyume cha maumbile, kifungo hadi miaka 14. Asili yake ni sheria ya Waingereza kule India ya mwaka 1860. India iliacha kuwaadhibu watu wazima walioridhiana mwaka 2018. Mahakama Kuu ya Nairobi ikakataa kufuata nyayo hizo tarehe 24 Mei 2019, ikitaja pia ibara ya Katiba kuhusu ndoa. Hoja hiyo naiona dhaifu, maana walalamishi hawakuomba kuoana.

Sasa jirani yako. Kinachoadhibiwa ni tendo, na tendo huthibitishwa kwa ushahidi. Kujitambulisha kuwa shoga si kosa. Wanaume wawili waliokamatwa Ukunda mwaka 2015 walipimwa sehemu za siri kwa nguvu. Mahakama ya Rufaa, Mombasa, ikaamua mwaka 2018 kwamba upimaji huo ulivunja Katiba.

Nashuku jirani amesikia ya Uganda. Sheria yao ya 2023 iliwabana wenye nyumba na kulazimisha watu kuripoti, lakini Mahakama ya Katiba huko ilivifuta vipengele hivyo Aprili 2024. Kenya haina sharti la namna hiyo.

Ukitaka ahame, fuata mkataba: notisi ya maandishi, muda uliokubaliwa. Usimtupie vyombo nje. Na majirani wakimpiga, watakaopandishwa kizimbani ni wao.