Kwa kijana anayeanza kazi ya kukusanya maoni ya wapiga kura

Kwenye mafunzo utaelekezwa kutumia kishikwambi, kusoma hojaji neno kwa neno na kuhesabu kaya. Yote ni ya lazima. Ninachotaka kukuongezea ni jambo ambalo nimeliona kila msimu wa uchaguzi: jibu la siasa anapewa mtu. Usipojua mhojiwa anakuona wewe ni nani, hutajua umeandika nini.

Afrobarometer, ambao wamekuwa wakifanya tafiti hizi Afrika tangu 1999, humalizia mahojiano kwa kumuuliza mhojiwa anadhani nani amemtuma mtafiti. Wengi hujibu kwamba ni serikali, ingawa mwanzoni walisomewa kwamba watafiti hawaiwakilishi serikali wala chama chochote. Watu hao walikukaribisha vizuri, wakakupa kiti, pengine na chai. Lakini muda wote walikuwa wanaongea na serikali.

Kwa hiyo anza na mavazi. Usivae rangi za vyama: Tanzania, kijani na njano. Kenya uache rangi ya chungwa na njano, hata kwenye kofia au mtandio. Kitambulisho kining'inie kifuani. Mjumbe au mzee wa mtaa atakufikisha mlangoni. Mshukuru, kisha umwombe kwa heshima akusubiri mahali asipoweza kusikia. Akibaki pale, mama wa watu atakuambia mambo yote ni mazuri tu, na wewe itakubidi uandike hivyo hivyo.

Kazi ngumu zaidi iko ndani ya nyumba. Mwanamume na mwanamke huhojiwa kwa kupokezana, na safari hii zamu ni ya mwanamke. Bahati nasibu ya kuchagua mhojiwa imemwangukia binti wa miaka 22, na baba yake anasema, "Niulize mimi, mwanangu. Huyu siasa haijui." Mwambie, "Mzee wangu, nakuheshimu sana, ila bahati imemwangukia yeye. Nikimbadilisha, kazi yangu imeharibika." Na kweli usimbadilishe. Kwenye maswali ya siasa wanawake husema "sijui" mara nyingi kuliko wanaume. Wapo wasiojua kweli. Wapo pia ambao hawajawahi kuulizwa na mtu akatulia kungoja jibu. Soma swali tena kama lilivyoandikwa, nyamaza, ngoja. Akisema "sijui" mara ya pili, andika hivyo. Akisema "sitaki kusema", hilo ni jibu jingine na lina nafasi yake. Nakuomba sana usiyachanganye hayo mawili, na usimsaidie mtu kuchagua jina ili fomu ionekane imejaa.

Kwa nini nasisitiza hili? Uchukue uchaguzi wa Kenya wa Agosti 9, 2022. Siku chache kabla ya kura, kampuni ya utafiti wa maoni ya Ipsos ilimpa Raila Odinga asilimia 47 na William Ruto 41. Kampuni nyingine, Infotrak, ilisema 49 kwa 42. Tume ya uchaguzi ikamtangaza Ruto mshindi kwa asilimia 50.49, Odinga 48.85. Wengi wakasema watafiti walihongwa. Mimi huwaambia vijana waangalie namba hizo tena. Odinga alipata karibu kile kile alichopewa na tafiti. Tofauti kubwa iko kwa Ruto, pointi 8 au 9. Katika takwimu za Ipsos, watu 12 katika kila 100 hawakumtaja yeyote kati ya wawili hao, na siku ya kura wagombea wengine wote kwa pamoja hawakufikisha hata asilimia 1. Kwa maoni yangu, sehemu kubwa ya walionyamaza walikuwa wafuasi wa Ruto. Liko pia suala la kujitokeza: wapiga kura walioandikishwa walikuwa zaidi ya milioni 22, na waliopiga kura ni kama asilimia 65 tu. Utafiti unaweza kumuuliza mtu angemchagua nani, lakini hauwezi kumtoa kitandani alfajiri akapange foleni.

Ndiyo maana nikipewa ripoti ya utafiti wowote wa uchaguzi, safu ya kwanza kuisoma ni ile ya waliokataa kujibu na wasioamua, halafu tarehe za kukusanya maoni, halafu nani amelipa.

Namba moja peke yake ina nguvu ndogo. Swali lile lile likirudiwa miaka kadhaa ndipo linaposema jambo. Sauti za Wananchi, utafiti wa shirika la Twaweza unaowahoji Watanzania kwa simu, ilipata kwamba waliokubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, 71 mwaka 2017 na 55 mwaka 2018. Baada ya matokeo hayo ya mwisho, COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia, iliwaandikia Twaweza barua kuhusu kibali cha utafiti, na mkurugenzi mtendaji wa Twaweza akachukuliwa pasipoti. Hakikisha vibali vyako vyote umevibeba, tena nakala zaidi ya moja. Na ukumbuke kwamba mhojiwa naye husikia habari kama hizo redioni. Safari ijayo atakujibu akiwa amezisikia.

Mwisho ni maneno ya swali. Katika duru ya tisa ya Afrobarometer, iliyofanyika nchi 39, takriban theluthi mbili ya Waafrika waliukataa utawala wa jeshi. Katika duru hiyo hiyo, asilimia 53 walisema wangekubali jeshi lichukue nchi endapo viongozi waliochaguliwa wanatumia madaraka vibaya kwa manufaa yao. Hawajipingi. Swali la pili limeweka sharti, na sharti hilo ndilo linaloonyesha wananchi wamechoshwa na nini. Ukilifupisha kwa sababu jua ni kali na umebakiza kaya tatu, hasira hiyo yote imepotea. Mhojiwa asipoelewa, lirudie polepole kwa maneno yale yale, na kama anataka kuongea kwa lugha ya kwao, tumia tafsiri uliyopewa ofisini, usijitungie yako mlangoni.