Akaunti ya malipo ikifungiwa: bili ya umeme usiyokuwa nayo na hela ya akina mama wa vikapu

Ukitaka kujua hii mifumo ya malipo ya nje haikutengenezwa kwa kumfikiria mtu wa Mwanjelwa hapa Mbeya, subiri siku wakuombe bili ya umeme. Bili ipi sasa? Mi natumia LUKU, umeme wa kulipia kabla, kama nchi nzima, nanunua kwenye simu, inakuja tokeni ya tarakimu 20, naingiza kwenye mita, maisha yanaendelea. Na mita yenyewe imesajiliwa kwa jina la baba mwenye nyumba. Sasa mtu wa sapoti huko aliko anasubiri karatasi yenye jina langu na mtaa wangu, iliyotolewa ndani ya miezi mitatu, na mpaka aipate hela yangu naiona kwenye skrini na kuitoa siwezi.

Nauza vikapu vya Iringa, vile vya milulu. Navichukua kwa akina mama wa vijijini kule Iringa, vinapakiwa kwenye basi vinashuka Mbeya, mi navipiga picha naviweka Instagram na kwenye soko la mtandaoni la nje, alafu vinaondoka kwa EMS ya posta. Wateja wa hapa nchini wanalipa kwa simu, wa nje wanalipa kwa kadi kupitia kampuni moja ya malipo ambayo siitaji, kwanza sitaki kesi na pili haya ninayosema utayakuta karibu kwenye kampuni zote.

Ilivyokuwa ni hivi: oda zangu zilikuwa za kikapu kimoja, viwili, vikizidi vitatu. Ikaja duka moja la Ujerumani likaagiza mzigo wa kujaza rafu zao, wakalipa nusu mapema kama tulivyokubaliana, na ile nusu peke yake ilikuwa kubwa kuliko kila kitu nilichowahi kupokea kwenye ile akaunti. Kesho yake nafungua, mstari mwekundu juu: akaunti imewekewa vizuizi, huwezi kutoa hela, huwezi kurudisha, tupe kitambulisho, uthibitisho wa makazi, na ankara za msambazaji wako. Na huku kuna wamama wanasubiri advansi ya kununulia milulu na rangi.

Kabla hujaanza kutukana elewa wanachoogopa, maana ukishakielewa utajua cha kuwajibu. Mtu aliyelipa kwa kadi anaweza kurudi benki yake akasema mzigo haujafika au sio nilichoagiza, na ana miezi kadhaa ya kufanya hivyo, kwa Visa na Mastercard madai mengi yana dirisha la siku 120 hivi. Benki inamrudishia, alafu inaifuata kampuni ya malipo iliyopokea kwa niaba yako, alafu kampuni ndo ikufuate wewe. Kama wewe ushatoa zote na laini haipatikani, hasara imekaa kwao. Ndo maana oda ikiruka ghafla wanashtuka, na ndo maana kwenye mikataba ya baadhi yao kuna kipengele kwamba wakikufungia kabisa wanaweza kukaa na hela yako hadi siku 180. Hiyo namba isome vizuri, ni nusu mwaka, kwa mtu wa mtaji mdogo hiyo biashara ishakufa na kuzikwa.

Juu ya hapo kuna sheria za utakatishaji fedha, kila nchi inazo, na sisi tunayo ya 2006. Hata zile foleni za kusajili laini kwa alama za vidole mpaka Januari 2020 wanaanza kuzima simu za watu, mawazo ni hayohayo, wanataka kujua aliyeshika hela ni nani. Kwahiyo sio kwamba wamekuona Mtanzania wakasema huyu mwizi, mara nyingi hakuna hata binadamu aliyekuangalia, ni mfumo umelinganisha ulichosema na unachofanya umeona havifanani.

Na kutofanana kwetu sisi watu wa huku kunaanzia kwenye jina. Wanyakyusa wenzangu mnanielewa. Majina yetu yanaanza na Mwaki au Mwaky. Cheti cha shule kimeandikwa kwa i, NIDA wameandika kwa y, benki wakakata jina la kati wakaweka herufi na nukta, na kina dada mkishaolewa ndo kabisa, Instagram ni jina la mume, TIN ni la baba. Kwa sisi ni mtu mmoja, kwa kompyuta ni watu watatu wanaogombania hela moja. Chukua jina lilivyo kwenye NIDA, herufi kwa herufi, majina yote matatu, na ndo hilohilo liwe kwenye akaunti ya malipo na kwenye akaunti ya benki unayotolea hela. Benki kama wamekosea nenda na kitambulisho warekebishe, ni fomu tu na kusubiri, ila fanya kabla hujauza kitu cha kwanza. Wenye majina yanayobebwa na watu wengi, wale akina Mohamed Hassan, mna mtihani wa ziada kwasababu mfumo unayalinganisha na orodha ya vikwazo ya Marekani na likifanana kidogo tu unasimamishwa hadi mtu aangalie tarehe ya kuzaliwa. Ni uonevu ndio, ila kitambulisho chenye tarehe kinakutoa.

Turudi kwenye makazi. Bili ya maji ingesaidia ila na yenyewe kwa wapangaji inakuja kwa jina la mwenye nyumba. Barua ya serikali ya mtaa ni nzuri, ina mhuri, ina picha, ila ni ya Kiswahili na wengi wataikataa au watataka tafsiri iliyothibitishwa. Kilichonivusha mimi ni taarifa ya benki. Nilienda kaunta nikaomba anwani yangu ibadilishwe kwenye mfumo wao, itoke sanduku la posta iwe mtaa, namba ya nyumba na postikodi, hizi anwani za makazi zilizobandikwa mwaka 2022 kuelekea sensa kumbe zina kazi, alafu nikaomba taarifa ya miezi mitatu yenye mhuri. Sanduku la posta peke yake usilitumie, fomu nyingi za nje zinalikataa palepale kwasababu wanataka sehemu unayolala. Alafu andika anwani ileile kwenye akaunti ya malipo, usije ukaandika mtaa wa Soweto huku na Mbeya Mjini kule.

Kubwa kuliko zote ilikuwa ankara za msambazaji. Bibi anayesuka kikapu huko kijijini na redio pembeni, we unamwomba ankara! Hana TIN, hana risiti ya mashine ya EFD ya TRA, hana hata kalamu. Lakini kudanganya hapa ndo kujimaliza, nimeona watu wanatengeneza ankara kwenye simu zenye nembo ya kampuni isiyokuwepo, na kampuni za malipo zina watu wa kazi hiyo, wanapiga simu, wanatafuta jina mtandaoni. Mi nilienda stationari nikanunua kitabu cha risiti cha kawaida chenye karboni. Kila ninapochukua mzigo naandika tarehe, jina la mama, namba yake ya simu, aina ya kikapu na idadi, bei, anasaini au anaweka dole gumba, nakala moja yake moja yangu. Malipo natuma kwa simu na sio keshi, kusudi kila karatasi iwe na muamala wake. Wakaniomba, nikawatumia picha za zile risiti, taarifa ya miamala ya simu ya miezi ile kwa pidiefu nikiwa nimezungushia mistari inayohusika, na picha ya vikapu vimepangwa sakafuni na karatasi yenye namba ya oda juu yake. Chini nikaeleza kwa Kiingereza kifupi kwamba wasukaji ni watu binafsi na hizi ndo risiti zao. Wakapokea. Sio siku hiyohiyo, wakarudi kuuliza swali moja, nikajibu, wakafungua.

Namna ya kutuma nayo ina maana kuliko watu wanavyodhani. Kitambulisho kiweke mezani mchana karibu na dirisha, pembe zote nne zionekane, usipige na flashi ikachoma ile sehemu ya namba, na usitume skrinishoti ya picha uliyotumiwa WhatsApp maana inakuwa ukungu. Jibu ndani ya akaunti yako, sehemu ya vizuizi, sio kwa kujibu emaili, maana ukishaanza kulalamika mtandaoni kwamba umefungiwa matapeli watakutumia emaili zenye nembo ileile. Na usiandike hadithi ya maisha. Nani, unauza nini, unanunua wapi, unatuma vipi, viambatisho hivi hapa. Hasira peleka kwa mumeo au kwenye grupu.

Kingine ni namba ya kufuatilia mzigo. Namba za posta zinaanza na herufi mbili, tarakimu tisa, zinaisha na TZ, na EMS herufi ya kwanza ni E. Ukitoka posta tu, kabla hujapanda bajaji, iingize kwenye oda. Mfumo ukiona mzigo umepokelewa huko ulikoenda hela zilizoshikiliwa zinaachiwa mapema zaidi, na mnunuzi akija kusema sijapata una cha kuonyesha. Kutuma bila namba eti kuokoa hela kidogo sikushauri, hata kwa kikapu cha bei ndogo. Na mwambie mnunuzi kwenye sehemu ya ujumbe wa malipo aandike namba ya oda basi, watu wanapenda utani kwenye malipo, mtu anaandika jina la nchi iliyowekewa vikwazo, Cuba sijui Iran, mfumo unanasa neno na muamala unaganda.

Ukijua oda kubwa inakuja waambie kabla. Sehemu ya sapoti andika kwamba wiki ijayo nategemea malipo ya kiasi fulani kutoka duka fulani, hii hapa oda yao. Kampuni nyingine watakujibu kwa maneno ya kopi tu, sawa, lakini siku wakikuuliza una ushahidi ulisema. Na oda ya pili ya lile duka nilifanya hivyo na nikawaomba walipe kwa uhamisho wa benki kwenda benki, kwa hela nyingi makato yake yanavumilika, kwa kikapu kimoja ni kichekesho.

Lakini hata ukifanya yote haya unaweza kufungiwa, kwahiyo ushauri ambao mi nausimamia kuliko wote ni kwamba hela isilale kule. Ikiruhusiwa kutoka, itoe ipeleke benki, acha kiasi cha kurudishia wateja wawili watatu. Nawajua watu wanaacha mtaji wote ukae kwenye dola eti wanasubiri kiwango kipande. Siku ya mstari mwekundu hicho kiwango kitakusaidia nini? Na hela ya wasukaji usiifanye itegemee hela iliyopo njiani, advansi ya akina mama itoke kwenye iliyokwisha kufika benki, hata kama ni kuagiza mzigo kwa mafungu, maana yule mama hajui kampuni ya malipo ni nini na wala haimhusu, anachojua ni wewe.

Sasa yale ya vichochoroni. Kununua akaunti iliyokwisha thibitishwa kutoka kwa kijana wa Telegram: siku wakitaka upige picha ya uso mbele ya kamera, utaazima na uso? Kutumia VPN uonekane upo Uingereza: leo London, kesho Mbeya, hapo umewapa sababu wewe mwenyewe. Kufungua akaunti ya pili baada ya ya kwanza kufungwa: wanaona simu ileile, kadi ileile, wanafunga zote mbili. Na wale wanaokuja inboksi kusema nina jamaa yangu ndani anafungua kwa ada ndogo, hao ni ukoo mmoja na wa ile hela tuma kwenye namba hii.

Kwa wanaouza ndani tu msijione mmepona. Mteja akilipa kwa simu alafu akapiga huduma kwa wateja kusema nimekosea namba, hela inaweza kuzuiwa kwenye salio lako mpaka ieleweke, na kuna wanaofanya makusudi ukishawapa mzigo. Malipo ya biashara yapokee kwa lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la biashara, laini yako ya mama na shangazi ibaki ya mama na shangazi, na meseji ya mteja ya kukubali bei na kupokea mzigo usiifute. Mtoa huduma akikuzungusha, anza na malalamiko ya maandishi kwake upate namba ya malalamiko, yakikwama peleka Benki Kuu, wana kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019 na tawi lao lipo hapahapa Mbeya. Kwa kampuni ya nje isiyo na leseni hapa hiyo njia haikufikishi popote, huko silaha yako ni karatasi zako.

TIN kuipata TRA ni bure, jina la biashara unasajili BRELA mtandaoni, leseni ni halmashauri. Kile kitambulisho cha wajasiriamali wadogo cha shilingi 20,000 kilichoanza mwishoni mwa 2018 kilitusaidia sana barabarani ila mzungu wa sapoti hakijui, usipoteze muda kukiskani. Mwenye swali la jinsi ya kujaza fomu za anwani aniandikie inboksi, najibu jioni nikishafunga mizigo. Mwenye swali la kutumia akaunti ya shemeji aliyeko Ujerumani, soma tena pale kwenye majina.